Khalwa na Halaiki katika Korongo la Laguna

Swali ambalo wacha Mungu na wenye hekima wamelijadili tangu zama za kale, wala halijafungwa hata leo, ni hili: mtu atakaye kumjua Muumba kwa kuyatazama maumbile, je, na aende peke yake, au aende na wenzake? Jibu linalotangulia ndimini mwa watu wengi ni la upweke. Musa, wasema, aliitwa kwenye mlima wa Tur ilhali watu wake wamebaki bondeni. Isa alikaa jangwani siku arubaini pasipo mwenzi. Na Mtume Muhammad, kabla ya kushukiwa na wahyi, alikuwa akijitenga katika pango la Hira, juu ya mji wa Makka, akikesha humo masiku kadha wa kadha kwa masurufu yake kidogo. Hoja hii ina nguvu, wala sina nia ya kuidunisha. Lakini wanaoitoa aghalabu huikatiza hadithi kabla haijaisha, kwani wote watatu walishuka, na walishuka kwa watu. Tena husahau kuuliza masurufu yale ya Hira yalitoka wapi. Yalitoka nyumbani kwa Bibi Khadija, ambaye kila yalipokwisha mumewe alirejea kwake, akafungiwa mengine, akapanda tena.

Imamu Ghazali, ambaye sijui aliyelipima jambo hili kwa insafu kumpita, alilitengea kitabu kizima ndani ya Ihyaa yake, akazihesabu faida za kujitenga, kisha akazihesabu hasara zake, bila ya kupendelea upande. Ajitengaye moyo wake hufaraghika kwa ibada na fikra, ulimi wake huokoka na usengenyaji, amali zake huepukana na ria, na nafsi yake hukata tamaa ya vile walivyo navyo wengine. Lakini huyohuyo hukosa kufunza na kufunzwa, hukosa kunufaisha na kunufaika, hukosa thawabu ya kumzuru mgonjwa na kulisindikiza jeneza, na hukosa ile adabu ambayo haichongeki rohoni mwa mtu ila kwa kukwaruzana na tabia za wenziwe. Hukumu yake haikuwa moja kwa watu wote. Alitaka itazamwe hali ya mtu, hali ya sahibu wake, na haja iliyomtoa. Maisha yake nayo yalikuwa shahidi wa kitabu chake. Mwaka 1095 alikiacha kiti cha ualimu cha Baghdad, kiti ambacho wanazuoni wa zama zake walikitamani kuliko dhahabu, akaenda Damascus, akawa akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia humo mchana kutwa. Na mwaka 1106, mwaka wa kumi na moja tangu kuondoka kwake, alikuwa Nishapur, ameketi tena mbele ya wanafunzi.

Nimelichukua swali hili mpaka mahali ambapo Ghazali hakupata kupasikia, nalo huko likapata sura ambayo sikuitazamia. Katika pwani ya kusini ya California, kati ya Los Angeles na San Diego, iko hifadhi ya pori iitwayo Laguna Coast Wilderness Park, yenye ekari zipatazo 7,000 za vilima, makorongo na vichaka, iliyozingirwa karibu pande zote na miji, barabara kuu na majumba ya watu wenye mali. Asiyeijua nchi ile, akisikia pori la Marekani, hufikiri misitu mirefu na theluji. Hapana. Hili ni pori la vichaka vifupi, vingi vyake havimpiti mtu kimo, vyenye majani madogo ya rangi ya kijivu yaliyojifinya ili yasiupoteze unyevu, kwa kuwa mvua hunyesha kipindi cha baridi tu, na kiangazi hupita kizima pasipo tone. Majani hayo ukiyasugua kidoleni hutoa harufu kali ya dawa ambayo haiondoki mkononi upesi. Mipungate imejaa kwenye miteremko inayotazama jua. Chini, makorongoni, ambako maji ya mvua hupita na kujificha ardhini, ndiko iliko mialoni mikongwe yenye matawi yaliyopinda mpaka yakagusa udongo, na ndiko kilipo kivuli. Upande wa kaskazini mna vidimbwi vya maji ya asili, na kile kiitwacho Barbara's Lake hutajwa kuwa ziwa kubwa lisilochimbwa na mtu katika wilaya nzima ya Orange, wilaya yenye mamilioni ya wakazi; na mgeni aliyekwisha kuyaona maziwa yetu ya Afrika, akioneshwa ziwa lile, inampasa ajizuie kwa adabu.

Hifadhini mle kuna desturi ya matembezi ya jamaa. Siku iliyotangazwa, watu wasiojuana hukusanyika kwenye maegesho ya magari asubuhi, jua halijawa kali, wakapokewa na mtu wa kujitolea aliyefunzwa habari za miti, ndege na mawe ya pale, wakaongozwa kwa muda wa saa kadhaa, kisha wakarudishwa. Mswahili wa kale, lau angeulizwa na mgeni kama apenda kutembea maili tatu au nne porini, apande kilima, ashuke upande wa pili na arejee palepale alipoanzia, bila ya kufuata kuni wala asali, bila ya kutafuta mnyama aliyepotea wala kumwendea mgonjwa, angemtazama muulizaji kwa huruma na kutaka kujua kama nyumbani kwake wote ni wazima. Lakini mafakihi wetu wametufundisha kwamba amali hupimwa kwa nia; na nia ya kwenda kutazama tu, bila ya kuchuma wala kuwinda, ikiwa ni kutazama kwa mazingatio, sioni iweje isihesabiwe katika ibada. Taabu si katika kutazama. Taabu ni katika jamaa.

Nilijiunga na msafara mmoja wa namna hiyo, watu kumi na kitu, miongoni mwao mwalimu mstaafu mwenye darubini shingoni, mzee aliyeegemea fimbo mbili za kupandia, baba mmoja na mwanawe mdogo, na mabanati wawili wa chuo. Kiongozi wetu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole isiyorudiwa mara mbili, alitupa masharti kabla ya hatua ya kwanza: tusitoke njiani, tusichume hata jani, tutahadhari na mmea wa majani matatu uwashao ngozi, na tuangalie chini mawe yanapopata moto, kwa kuwa nyoka mwenye njuga mkiani naye hupenda kuota jua. Yeye atatangulia; mwenzake atakuwa nyuma kabisa, ili asiachwe mtu. Tukaingia korongo la Laurel mmoja nyuma ya mwingine.

Nikiri kwamba nusu saa ya kwanza ilikuwa upande wa Ghazali mwenye kusifu upweke. Mbele yangu yalikuwa yakisemwa magoti na waganga wa magoti. Nyuma yangu, bei za nyumba. Mti ambao huenda ulikuwapo kabla ya dola ya Marekani kuzaliwa ulipitwa bila ya salamu, kwa sababu aliyekuwa karibu nao alikuwa akisimulia mbwa wake. Mtu aliyekwenda kumsikiliza Mola wake katika kimya cha uumbaji, akakuta amezungukwa na habari zilezile alizozikimbia mjini, ana haki ya kusema kwamba halaiki ni pazia. Na wako wengi waliosema hivyo kwa ufasaha. Thoreau, mwandishi wa Kimarekani wa karne ya 19, aliyekwenda mwaka 1845 kukaa kando ya ziwa la Walden, aliufanya utembezi wa peke yake kuwa kama dini. Na baada yake haliandikwi neno juu ya pori katika nchi ile ila kivuli chake kinapita.

Kisha mtoto akasimama. Alikuwa amebandika kiganja juu ya jabali la mchanga lililoanguka kutoka ukingoni, la rangi ya maziwa yaliyoungua, nasi tukadhani amechoka. Hakuwa amechoka. Chini ya vidole vyake mlikuwa na alama ya kombe, mistari yake imejipanga kama ilivyojipanga siku mwenyewe alipokufa, na pembeni yake nyingine, na nyingine iliyovunjika nusu. Tulikuwa juu ya usawa wa bahari, ndani ya korongo kavu, na mawimbi hayasikiki. Sisi watu wazima wote tuliokuwa mbele yake tulilipita jabali lile. Kiongozi akaeleza kwamba majabali yote ya pale ni mchanga uliotuama chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, ukashikana ukawa jiwe, kisha ardhi ikainuka. Na zile kuta zilizotobokatoboka juu yetu, zenye mapango madogo ambamo bundi hulala, zimetafunwa na chumvi, upepo na maji.

Ilinijia hapo kumkumbuka Abu Rayhan al-Biruni, ambaye katika karne ya 11, kwa kuona makombe na vitu vya baharini vikitoka visimani mwa majangwa, alihitimisha kwamba nchi zile kavu, na Bara Arabu ndani yake, zilikuwa bahari hapo kale. Na Ibn Sina wa zama zake, aliyeandika jinsi tope linavyogeuka jiwe kwa mapito ya dahari. Wanazuoni wale hawakuhofu kwamba umri wa jabali ungeipunguza adhama ya aliyeliumba. Mtoto naye hakuhofu. Alitaka tu kujua kama kombe lile linaweza kung'olewa, akaambiwa haliwezi, akalisikitikia.

Baadaye, tulipokwisha kutoka kivulini na kuanza kukwea kuelekea kwenye kigongo cha Bommer, mwalimu mstaafu aliinua mkono, na msafara mzima ukanyamaza pasipo kuambiwa. Kutoka kichakani, hatua chache, ilitoka sauti nyembamba ya kulia, kama ya paka mchanga aliyeachwa na mama yake. Alikuwa ndege mdogo wa rangi ya jivu, mwenye mkia mweusi, asiyeishi ila katika vichaka vya namna hii vya pwani. Na kwa kuwa vichaka hivyo ndivyo vilivyofyekwa kwa ajili ya nyumba kutoka Los Angeles hadi mpakani mwa Mexico, serikali ya Marekani ilimwandika mwaka 1993 katika daftari la viumbe walio hatarini. Kwa sikio langu ile ilikuwa kelele moja katika kelele za pori. Aliyenipa kumsikia ndege yule ni mtu ambaye sikulijua jina lake, na ambaye dakika chache nyuma nilikuwa nikiomba kimoyomoyo anyamaze.

Mwenye kuupendelea upweke atanijibu, na jibu lake ni la haki, kwamba kuoneshwa si kutafakari. Kwamba macho kumi huona mengi kuliko mawili, lakini tafakuri huanza macho yanapofumbwa. Atamleta Petrarca kuwa shahidi wake. Mshairi huyo wa Italia alikwea mlima wa Ventoux, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1336, na katika barua aliyoiandika juu ya safari ile amesimulia jinsi alivyotaabika kuchagua wa kufuatana naye: sahibu huyu alikuwa mzito, yule mwepesi mno, huyu mwenye huzuni, yule mwenye bashasha kupita kiasi, mmoja msemaji na mwingine bubu, hata akaishia kumchukua ndugu yake mdogo. Walipofika kileleni alikifungua kitabu cha Mtakatifu Augustino alichokuwa amekichukua, akakutana na maneno ya kuwalaumu wale waendao kuistaajabia milima na bahari huku wakijisahau wenyewe. Akanyamaza tangu pale mpaka chini. Naam, alinyamaza. Lakini barua ile ukiisoma vizuri utaona kwamba kilichomuumbua Petrarca kabla ya kitabu kilikuwa ni ndugu yake, ambaye alishika njia ya mkato yenye mwinuko na kufika, wakati mshairi akihangaika kutafuta njia za mserereko zilizomrudisha bondeni mara baada ya mara. Aliuona udhaifu wa roho yake katika miguu ya mwenzake. Asingekuwapo mwenzake, angejidhani yuko njiani.

Na kama ni kumtafuta mpweke aliyekamilika, basi ni Hayy bin Yaqdhan wa Ibn Tufayl, mwanafalsafa wa Andalusia aliyefariki mwaka 1185: mtoto aliyekulia katika kisiwa kisicho na watu, akaujua ulimwengu kwa kuuchunguza, akamjua Mungu kwa akili yake pasipo mwalimu wala kitabu. Sikijui kitabu cha falsafa kitamu kuliko kisa chake. Lakini hata mtungaji mwenye kipaji kama kile, aliyekuwa huru kuumba lolote, hakuweza kumfikisha shujaa wake utu uzima bila ya paa aliyemnyonyesha. Na Hayy alipokwisha kuijua haki akaenda kuwafunza watu wa kisiwa cha pili, walimchosha, akarudi kwake. Hilo ndilo ninaloliona kuwa upungufu wake: hakupata kamwe kumngojea mtu. Alikwenda kwa kasi yake mwenyewe tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hakujua kwamba wako waendao polepole, na kwamba polepole si kutokwenda.

Kwani sharti lililokuwa zito kuliko yote katika msafara wetu halikuwa la nyoka wala la mmea uwashao. Lilikuwa ni kwamba hakuna atakayefika kabla ya wa mwisho. Yule mzee wa fimbo mbili alisimama kila baada ya hatua mia, na kila aliposimama tulisimama. Vijana, ambao wangeweza kukimbia mpaka kileleni na kurudi, walihangaika mwanzoni, wakatazama saa zao, wakahamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule. Kisha, kwa kukosa la kufanya, wakaanza kutazama. Imamu wa sala ameamrishwa awahafifishie wanaosali nyuma yake kwa sababu miongoni mwao wamo wadhaifu, wagonjwa na wenye haja zao, naye akitaka kurefusha na arefushe awapo peke yake. Nimeisikia amri hii miaka mingi nikiichukua kuwa ni huruma tu, yaani kwamba mwenye nguvu anajinyima kitu kwa ajili ya mnyonge. Kwenye mteremko ule niliona kwamba mwenye nguvu ndiye aliyepewa. Kila kituo cha mzee kilitupa kimya ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuja nacho. Mazungumzo ya nyumba na magoti yalikatika kwa uchovu na kungoja. Na katika vituo hivyo, si katika mwendo, ndipo tulipoiona bahari ikijitokeza nyuma ya vilima na, mbali, kisiwa cha Catalina kama mstari wa wino uliofifia. Mzee mwenyewe hakuona haya. Aliinua fimbo moja akatuonesha meli.

Sasa na nieleze lile ambalo, kwangu, limeligeuza swali zima juu chini. Korongo lile halikusalimika kwa kusahauliwa. Mwaka 1968 muuza vitabu mmoja wa mji wa Laguna Beach, James Dilley, alianzisha jumuia ya kutaka mji wake uzungukwe na mshipi wa ardhi isiyojengwa, jambo ambalo wengi walilicheka. Miaka ya themanini kukawa na mradi wa kujenga nyumba zipatazo 3,200 ndani ya korongo, katika ardhi ya kampuni iliyokuwa na hati zake halali. Wapiga picha wawili, Mark Chamberlain na Jerry Burchfield, wakasimamisha ukuta wa mbao bondeni, urefu wake futi 636, wakawaomba watu walete picha zao za nyumbani, za arusi, za watoto, za maiti wao, wakazibandika ukutani moja kando ya moja mpaka kwa mbali rangi zake zikafuata umbo la vilima vilivyokuwa nyuma yake. Na mwezi wa Novemba 1989 maelfu ya watu walitoka mjini kwa miguu, wazee na wenye viti vya magurudumu na watoto mabegani, wakaifuata barabara ya korongo mpaka kwenye ukuta ule. Mwenye ardhi akakubali kuuza. Mwaka uliofuata wakazi wa mji wakapiga kura ya kujitoza kodi wenyewe, ili zipatikane dola milioni 20 za kuanzia kununua. Hifadhi ikafunguliwa mwaka 1993. Na mwezi wa Oktoba wa mwaka huohuo moto ukashuka na upepo wa jangwani, ukateketeza zaidi ya ekari 14,000 na nyumba mamia, na vile vichaka vya kijivu vikachipuka tena kutoka mashinani, kama ilivyo tabia yake.

Kwa hiyo yeye aendaye Laguna alfajiri, peke yake, akakaa chini ya mwaloni na kumshukuru Mungu kwa kutosikia sauti ya mtu, ameketi ndani ya kitu kilichonunuliwa na halaiki. Kimya kile kina hati, na hati ina majina. Sisi watu wa pwani tunalo jambo hili katika sheria yetu: ni wakfu. Mtu hutoa kisima, shamba au nyumba, asl yake ikazuiliwa isiuzwe wala isirithiwe, na manufaa yake yakawa ya wapitao. Na mpita njia anywaye kisimani hahitaji kumjua aliyekichimba, ila akidai kwamba maji yale ameyapata kwa juhudi zake mwenyewe ametoka katika adabu. Mnara wa Damascus ambamo Ghazali alijifungia haukujengwa na mpweke; ulikuwa wa msikiti wa Ijumaa, uliojengwa na makhalifa kwa mali na mikono ya watu ili wakutanie maelfu. Kibanda cha Walden kilisimama juu ya ardhi ya Emerson, rafiki yake Thoreau. Kwa kila khalwa niliyoifikiria nimemkuta mfungaji masurufu. Sisemi kwamba upweke ni uwongo. Nasema kwamba hausimami wenyewe, na kwamba anayeuweka kuwa ni kinyume cha jamaa hajatazama alipokalia. Hata leo zimo ardhi nyingine zilizohifadhiwa katika wilaya ileile ambazo, kwa ajili ya kulinda mimea yake, hazifunguliwi kwa mtu mmoja mmoja. Atakaye kuziona hana budi kuandikisha jina na kungoja msafara wenye kiongozi.

Hapa, hata hivyo, sheria ya wakfu yenyewe inaleta shida ambayo ule ukuta wa picha haukuiondoa. Mafakihi wameshurutisha kwamba mtoa wakfu awe anaimiliki mali aitoayo. Kabla ya wenye mji kununua, ardhi ile ilikuwa ya kampuni; kabla ya kampuni, ya wafugaji; kabla yao, ruzuku za serikali ya Mexico; na kabla ya hayo yote makorongo yale yalikuwa ya Waacjachemen na majirani zao, watu waliochuma mbegu zake na kusaga tunda la mwaloni juu ya mawe, waliokuwa na majina ya kila chemchemi, na ambao tangu mwaka 1776, misioni ya San Juan Capistrano ilipoasisiwa kwa amri ya mfalme wa Hispania, walikusanywa misioni, wakafanyishwa kazi, wakafa kwa maradhi yaliyokuja na wageni. Makorongo waliyoyaacha yalibaki na ng'ombe, na mwishowe yakaitwa pori, kana kwamba hayakupata kuwa na wenyewe. Kuyaita hivyo ni jambo la kuliangalia sana mtu atafutaye kimya cha uumbaji safi, kwani sehemu ya kimya kile si ya Muumba; ni ya watu walioondolewa. Kiongozi wetu alilitaja hilo, kwa sentensi mbili, tulipokuwa tukishuka kwa njia ya Willow na miguu ikiuma, na wengi walikuwa wakiwaza chakula.

Kizazi cha watu wale kipo hadi sasa, wengi wao karibu na misioni ileile, mwendo mfupi wa gari kutoka korongoni. Kwa miaka mingi waliomba serikali ya Marekani iwatambue kuwa kabila, maana pasipo utambulisho huo hawana dai lolote la ardhi linalosikilizwa na dola. Walijibiwa mwaka 2011. Ombi lilikataliwa, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba hawakuthibitisha, kwa nyaraka, kuwa tangu zama za mababu zao walidumu bila ya kukatika wakiwa jamaa moja.